Pikapu ya shule na motere ya mazutu: kazi tuliyofanya, na kosa nililofanya



Tangu mwanzo wa muhula huu, kila mtu anayepita karibu na gereji ya shule ananiuliza neno moja: «Kapita, ni kweli pikapu yetu inakunywa mazutu sasa? Na imekuwa na nguvu kupita zamani?» Wengine wanasema kazi ile ilikuwa ndogo tu: unafungua visi, unatoa motere ya zamani, unaweka ingine, basi, imekwisha. Na wengine, zaidi wadogo wetu wa mwaka wa kwanza, wanacheka na kusema kwamba ile siku ya maharagi Papa shofere alikuwa na usingizi.

Neno hili la mwisho si kweli, na mimi ndiye ninayejua sababu. Kwa hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu, nieleze kazi hii yote tangu mwanzo mpaka mwisho. Wa mekanike watanisamehe kama ninasema mambo wanayojua. Wa pedagojia na wa biolojia wasiogope, nitasema polepole.

1. Kwa nini kubadilisha motere?

Pikapu yetu ni Toyota Land Cruiser ya aina FJ75. Aina 70 ya Land Cruiser ilianza kutoka Japani mwaka wa 1984, nyuma ya ile ya 40 ambayo wazee wetu wanaijua sana. Herufi za mbele zinaonyesha motere. FJ maana yake motere ya F, ya esansi. Yetu ilikuwa na 3F: silinda sita, ukubwa wake 3955 cc, karibu litre 4.

Motere ile ilitumika miaka mingi. Lakini ilikuwa na magonjwa mawili. Moja, ilikuwa inakunywa sana. Katika kaye ya shofere tulihesabu karibu litre 22 kwa kilometre 100 ku barabara yetu yenye matope. Pili, ilikuwa inaogopa maji. Wakati wa mvua, kama maji ya mto yaliruka na kufika kwa waya za buji, motere ilizimika katikati ya maji, na sisi wa internati tuliitwa kusukuma. Mwisho, silinda mbili zilikwisha kuchoka kabisa. Ilipaswa kufungua motere yote na kuitengeneza upya, ao kuweka ingine. Kamati ya wazazi ikachagua kuweka ya mazutu.

2. Esansi na mazutu: tofauti ni wapi?

Hapa nawaomba mniangalie vizuri, kwa sababu ndipo mambo yote yanatoka.

Katika motere ya esansi, hewa na esansi vinachanganyika katika karburatere, vinaingia katika silinda, pistoni inavikandamiza karibu mara 8, halafu buji inatoa cheche na moto unawaka. Ku njia ya kuingilia kuna mlango mdogo unaozunguka. Mafundi wanauita papiyo, maana yake kipepeo. Ukikanyaga, papiyo inafunguka. Ukiachilia, inafungika, lakini pistoni zinaendelea kuvuta. Basi nyuma ya ule mlango uliofungwa hewa inapungua sana, kama vile unavyovuta hewa katika chupa kwa mdomo mpaka ulimi unakamatwa. Mkumbuke hii papiyo. Tutakutana nayo tena.

Motere ya mazutu haina cheche. Ni kazi ya Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye motere yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilizunguka kule Augsburg mwaka wa 1897. Inavuta hewa peke yake, inaikandamiza karibu mara 20, na hewa ile inapata moto mkali sana. Kama umekwisha kutia upepo katika mpira wa kinga kwa pompi ya mkono, umesikia namna pompi inavyopata moto. Ni jambo lilelile. Wakati huo enjektere inarusha mazutu kidogo katika hewa ya moto, na mazutu yanawaka yenyewe. Ukikanyaga, hufungui mlango wa hewa, unaongeza mazutu. Kwa kawaida mlango wa hewa ni wazi saa zote.

Je, ya mazutu ni ya nguvu kupita? Hapa wengi wanakosea. Motere tuliyoweka ni 2H, silinda sita, 3980 cc. Kwa ukubwa ni karibu sawa na 3F, lakini farasi zake ni chache kuliko zile za 3F! Haipendi mbio, mwisho wake ni karibu mizunguko 3500 kwa dakika. Uzuri wake ni mwingine. Inavuta tangu chini, pole pole, bila kulalamika. Inakunywa kidogo, kwa sababu kukandamiza sana kunafanya mafuta yatumike vizuri, na tena litre moja ya mazutu ina moto mwingi kidogo kuliko litre moja ya esansi. Na haina waya za buji za kulowana.

3. Kuchagua motere

Mtu asinunue motere kwa sababu tu inalia vizuri. Anunue ile ambayo gari linaijua. Kiwanda chenyewe kilitengeneza ndugu wa pikapu yetu, HJ75, yenye motere 2H. Shasi yake ni moja na ya kwetu. Maana yake viti vya motere, mipira ya maji, na vipande vingine vya HJ75 vinaweza kukaa mahali pao bila kukata na kuunga chuma. Kisha 1990 kiwanda kiliweka 1HZ ya 4164 cc mahali pa 2H, na 1HZ ndiyo tunaona katika pikapu nyingi za mashirika. Ni nzuri zaidi, lakini bei yake ilipita mfuko wetu.

2H yetu tuliipata Butembo. Motere za namna hii zinafika Butembo zikiwa zimetumika kwingine: zinapita baharini mpaka Mombasa, kisha Uganda, zinavuka mpaka Kasindi. Fundi wetu aliangalia mambo matano mbele ya kulipa:

– mafuta ya motere: yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia;
– moshi: meusi kidogo wakati wa kukanyaga si neno, lakini meupe ao ya buluu siku yote ni ugonjwa;
– pumzi inayotoka ku tundu la kujazia mafuta: ikiwa nyingi, pistoni zimechoka;
– volti: Toyota nyingine za mazutu zinatoka na demarere ya volti 24, na gari letu ni la volti 12;
– vipande vinavyokosekana.

Ku jambo la tano, tuliona kwamba muuzaji alikwisha kutoa alternatere na kuiuzisha peke yake. Tukasema: si neno, ile ya zamani ya 3F ingali nzima, tutaiweka. Mkumbuke na hii vilevile.

Tena tuliomba fakture yenye namba ya motere. Motere ikibadilika, namba na aina ya mafuta hazifanani tena na makaratasi ya gari, na lazima makaratasi yarekebishwe. Bila fakture, unaweza kuitwa mwizi ku barriere.

4. Kutoa na kuweka

Hatuna mashine ya kunyanyua. Tulisimamisha miti mitatu minene ya kalitusi, tukaifunga juu, tukatundika palani yenye mnyororo. Kwanza tulitoa bateri, tukamwaga maji na mafuta, tukatoa kifuniko cha mbele na radiatere. Kila waya tulifungia karatasi yenye namba. Hiyo ilikuwa kazi ya wa mwaka wa tatu, na waliifanya vizuri sana.

Sheria ya fundi ilikuwa moja: hakuna mtu chini ya motere inayoning'inia, hata kama anaokota funguo iliyoanguka. Mnyororo hauna huruma.

Motere ya mazutu ni nzito kuliko ya esansi, kwa sababu chuma chake kinapaswa kuvumilia kule kukandamiza. Kwa hiyo resori za mbele tuliziongezea jani moja moja kila upande. Motere inaungana na bwati ya vitesi kwa kloshi, ile nyumba ya chuma inayofunika ambreyaji. Matundu ya kloshi ya 3F hayafanani na ya 2H. Tulinunua kloshi, diski ya ambreyaji na gurudumu zito la 2H pamoja na motere. Kama tungesahau, motere ingelala chini ya mti miezi mingi.

5. Mafuta, umeme, na kuzima

Tangi la zamani tulilitoa na kuliosha. Lilikuwa na tundu dogo chini, na mwenzetu mmoja alikwisha kushika chuma cha kuunganishia. Fundi alipiga kelele mpaka kuku wa internati wakakimbia. Tangi la esansi, hata likiwa tupu siku nyingi, lina pumzi ya esansi ndani, na linapasuka kama bombe. Tuliziba tundu kwa njia isiyo na moto.

Mazutu yanahitaji njia mbili: moja ya kwenda, moja ya kurudi, kwa sababu pompi ya enjeksio na enjektere zinarudisha yale yasiyotumika. Katikati tuliweka filtri inayotenga maji. Maji ni adui wa kwanza wa pompi ile, kwa maana mazutu yenyewe ndiyo yanayoilainisha ndani. Kwa sababu hiyo, mtu anayeuzisha mazutu yenye petroli ya taa ndani anaua motere. Kisha tulitoa hewa yote kwa pompi ndogo ya mkono, mpaka mapovu yakaisha.

Umeme wa mazutu ni mchache: demarere, na buji za kupasha moto, ambazo hazitoi cheche lakini zinapasha chumba cha moto wakati wa baridi ya asubuhi. Kuzima ni jambo lingine. Esansi inazimika ukikata umeme wa cheche. Mazutu haina cheche ya kukata. Inapaswa kuifungia mafuta. Sisi tuliweka kamba ya kuvuta karibu na usukani.

Neno moja juu ya mito. Mazutu haiogopi maji yanayoruka juu ya motere, lakini isinywe maji hata kidogo! Hewa inakandamizika, maji hayakandamiziki. Maji yakiingia kwa njia ya hewa, biele zinapinda na motere imekufa. Ndiyo sababu tulipandisha bomba la hewa mpaka usawa wa kioo cha mbele.

6. Freni, na kosa langu

Sasa nafika ku neno ambalo limeniandikisha.

Mguu wa mtu peke yake hauna nguvu ya kutosha kusimamisha gari la mzigo. Kuna chombo cha mviringo kama sufuria kati ya pedali na mafuta ya freni. Mafundi wanakiita mastavaki. Upande mmoja wa sufuria ile unanyonywa hewa, na hewa ya nje inasukuma upande mwingine. Inasaidia mguu. Na nani anayenyonya hewa? Katika motere ya esansi ni njia ya hewa nyuma ya ile papiyo. Lakini motere ya mazutu haifungi mlango, basi hainyonyi kwa namna ile. Kwa sababu hiyo Toyota iliweka pompi ya kuvuta hewa nyuma ya alternatere ya motere za mazutu kama 2H. Na sisi tuliweka alternatere ya 3F, ambayo haina pompi. Taa ziliwaka, bateri ilijaa, tukafurahi. Mpira wa mastavaki tuliuunganisha ku njia ya hewa kama zamani, mahali ambapo hakuna kitu kinachovuta.

Siku ya Ijumaa fundi alipaswa kwenda kwa kilio cha ndugu yake. Alinipa kaye ya kazi na kuniambia: «Kapita, mimi sina hakika na ule mpira. Mbele ya gari kutoka, fanya hivi: motere ikiwa imezimwa, kanyaga freni mara tano mpaka iwe ngumu. Shikilia vile. Washa motere. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, ni sawa. Isiposhuka, gari lisitoke.»

Nilisikia vizuri. Lakini kengele ya chakula ilikwisha kulia, na mimi ndiye ninayesimamia mistari ya refektware. Nilizungusha gari katika uwanja, ambao ni sawasawa kama meza, mwendo wa mtu anayetembea, bila mzigo. Nikakanyaga, likasimama. Nikaandika: «Freni: sawa», na kutia jina langu.

Jumamosi Papa shofere alisoma kaye, akaenda kuchukua maharagi. Nilikuwa pamoja naye mbele. Nyuma, juu ya gunia nane, walikuwa wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza. Mimi ndiye niliyewapa ruhusa ya kupanda. Tukashuka ule mteremko unaokwenda ku daraja la miti. Alikanyaga mara ya kwanza. Akaniangalia. Akasema: «Kapita, hii freni ni jiwe.»

Mtu anaweza kufikiri kwamba mazutu, kwa sababu inakandamiza sana, itashikilia gari yenyewe. Inashikilia, lakini si kama watu wanavyosema, kwa maana hewa iliyokandamizwa inarudisha sehemu kubwa ya nguvu kwa pistoni. Papa shofere alirudisha vitesi ya pili, akavuta freni ya mkono, akasimama na miguu yote miwili juu ya pedali. Alipoona daraja, aligeuza gari pole pole ku ukingo wa kilima na kulisugua udongo mpaka likasimama. Taa moja ilivunjika na bawa la kuume likapinda. Watoto walianguka juu ya gunia, si chini. Hakuna aliyeumia.

Alishuka, akatia jiwe nyuma ya gurudumu, kisha akatia lingine. Hakunikemea. Alisema tu: «Mwanangu, mimi niliamini kaye.»

Ku shule watu walisema ni yeye aliyeendesha vibaya, na kulikuwa maneno ya kumkata mshahara juu ya taa. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilikwenda kwa Bwana Prefe na kumwonyesha kaye. Akauliza: «Ulijaribu namna gani?» Nikamwambia yote. Mshahara haukukatwa. Taa ninailipa mimi, kwa kazi ya Jumamosi tatu ku shamba la shule. Nimeona ni haki.

7. Leo

Fundi aliporudi tulitafuta Butembo alternatere ya 2H yenye pompi yake, na mirija yake miwili ya mafuta ya motere, maana pompi ile isipopata mafuta inakauka na kukamatana. Kisha mimi mwenyewe nilifanya jaribio, mbele ya shofere. Kanyaga mara tano, shikilia, washa. Pedali ilishuka chini ya mguu wangu kama kitu kinachopumua.

Sasa gari linakunywa karibu litre 14 kwa kilometre 100. Ni litre 8 zilizobaki kila mara. Kupanda linapanda pole pole, tena katika milima yetu inayopita metre 1500 hewa ni nyepesi, kwa hiyo msishangae mkiona moshi mweusi kidogo. Halikimbii. Lakini linafika.

8. Kwa wale watakaofanya kazi hii nyuma yetu

– Nunua motere pamoja na vitu vyote vilivyoshikamana nayo: alternatere, kloshi, filtri, pompi, viti.
– Jiulize kwa kila kitu: motere ya zamani ilikuwa inafanya kazi gani nyingine zaidi ya kusukuma gari? Ilitoa umeme, ilipasha maji, ilivuta hewa ya freni. Nani atafanya sasa?
– Jaribu freni motere ikizunguka, kisha ku mteremko mfupi, kisha na mzigo. Uwanja si barabara.
– Hakuna mtu juu ya mzigo siku za majaribio. Hakuna hata siku zingine.
– Usiandike «sawa» kwa kitu ambacho hukujaribu. Mwenye kusoma kaye haoni kama ulikuwa na haraka ya chakula. Anaona jina lako tu.

Wadogo wa mwaka wa kwanza, mkikutana na Papa shofere, mumsalimu kwa heshima. Ile siku hakuwa na usingizi. Ni yeye aliyekuwa macho kwa niaba yetu sote.



Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa nne, mekanike